Mti Mwema, Mahali Pasipofaa

Sisi tunaozungumza nanyi asubuhi hii tu mume na mke. Tunakaa Mwiki, upande wa Ruiru, karibu na mpaka wa Kaunti ya Kiambu na Nairobi. Sisi si wahubiri. Tumeombwa tuje tuwasimulie jambo lililotupata nyumbani kwetu, nasi tumekubali, ingawa katika hadithi hii hatuna sifa yo yote ya kujivunia.

Leo twataka kuzungumza habari za miti mitatu na ukuta mmoja.

Nyumba yetu tuliimaliza mwaka 2003. Ni nyumba ya mawe ya Ndarugo, vyumba vitatu na sebule, katika ploti ya futi 50 kwa 100. Mkopo wa chama cha akiba tuliulipa kidogo kidogo. Siku tuliyohamia, wazee wa kanisa walikuja kutuombea, nasi tulilia machozi ya furaha, maana tulikuwa tumepanga vyumba vya watu kwa miaka mingi.

Mwaka uliofuata ulikuwa 2004. Wengi wenu mtaukumbuka, maana ndio mwaka ambao Profesa Wangari Maathai alipewa Tuzo ya Amani ya Nobel. Mama huyo na wenzake wa Baraza la Kitaifa la Wanawake wa Kenya walipanda miche saba huko Kamukunji, Nairobi, tarehe 5 Juni 1977, na kutoka miche hiyo saba ikatokea kazi kubwa ya Green Belt Movement. Basi habari ya tuzo ilipofika mwezi wa Oktoba, watu wengi walitamani kupanda miti. Hata kanisani kwetu miche iligawiwa bure baada ya ibada. Sisi tulipata miche mitatu ya mikaratusi, ile ambayo watu wengi huiita bluugamu.

Tuliipanda mwezi wa Novemba, mvua ya vuli ikinyesha. Tuliipanda nyuma ya nyumba, hatua tatu tu kutoka ukutani, karibu na dirisha la chumba cha watoto. Tulisema, "Hapa watoto watapata kivuli." Tuliifanyia maombi. Hatukuwa na nia mbaya hata kidogo.

Siku chache baadaye fundi aliyetujengea nyumba alipita kurekebisha mfereji wa maji ya mvua. Aliitazama ile miche, akasema, "Mama, hapo ni karibu sana. Mti huu si wa kupandwa dirishani." Tulicheka. Mche wenyewe haukufika magotini! Tulimpa chai, akanywa, akaenda zake. Neno lake tukalisahau.

Ndugu msikilizaji, mkaratusi ni mti wa Australia. Uliletwa Kenya mwaka 1902, kwa sababu reli ya Uganda ilihitaji kuni za kuendeshea magari ya moshi, na mti huu hukua upesi. Wala hautulaumu kwa kuuita mwema. Umetupa nguzo za stima, mbao na kuni. Lakini mti unaokua upesi hunywa maji mengi. Miaka mitano haikupita kabla miti yetu haijaupita urefu wa paa.

Ufa wa kwanza tuliuona mwaka 2009, wakati wa ukame. Ulianza kwenye pembe ya dirisha la watoto, ukapanda kimshazari kuelekea darini. Ulikuwa mwembamba kama uzi. Wahenga walisema, "Usipoziba ufa, utajenga ukuta." Nasi tuliuziba kwa simiti, tukapaka rangi juu yake. Mvua iliponyesha, mlango wa chumba kile ukakataa kufungika vizuri. Kiangazi kilipokuja, ufa ukafunguka tena mahali pale pale. Tukauziba tena. Ukafunguka tena.

Mwaka 2011 ukame ulirudi, na sasa kidole kiliweza kuingia. Hapo ndipo tulipofanya dhambi yetu.

Tulimwita yule fundi. Hatukumkaribisha ndani. Tulimsimamisha mbele ya ukuta, tukamwambia, "Ulituibia simiti. Ulichanganya mchanga mwingi. Tazama kazi yako!" Yeye alikaa kimya kwa muda, kisha akasema kwa upole, "Mzee, simiti niliweka yote. Mama alihesabu mifuko mwenyewe. Lakini itazameni miti yenu." Tukaona anatafuta njia ya kujitetea. Tukamfukuza.

Laiti tungaliishia hapo! Tulisema habari zake katika chama cha akina mama. Tulizisema mbele ya wazee. Mwaka ule kanisa lilikuwa linataka kujenga darasa la watoto wadogo, na yeye ndiye aliyetarajiwa kupewa kazi hiyo. Hakupewa. Watu walisema, "Huyo aliwajengea fulani, na nyumba yao inapasuka." Baada ya miezi michache, yeye na jamaa yake wakaacha kuja kwenye ibada. Sisi tuliona ni dalili kwamba dhamiri inamsuta. Tukazidi kujiona tu watu wa haki.

Miaka kumi na moja ilipita hivyo.

Kisha ukaja ule ukame mrefu ulioanza mwishoni mwa mwaka 2020, misimu ya mvua ikashindwa mmoja baada ya mwingine katika sehemu nyingi za nchi yetu. Kufikia mwaka 2022 mkono wa mtoto uliweza kupita katika ule ufa. Pembe ya nyuma ya nyumba ilikuwa imezama, na sakafu ikainama hata ukiweka mpira chini unabingirika wenyewe. Tuliogopa kulala humo. Ndipo tulipomwita mhandisi, kijana mtaratibu sana, naye akaagiza tuchimbe shimo kando ya pembe ile na shimo jingine upande wa mbele wa nyumba.

Yawapasa kujua kwamba sehemu nyingi za huku kwetu zina udongo mweusi wa mfinyanzi. Mnaujua: wakati wa mvua hunata viatuni mpaka mtu arefuke; wakati wa kiangazi hupasuka nyufa ambazo mkono waweza kuingia. Udongo huo ukipata maji huvimba, ukikauka hunywea. Kwa hiyo mjenzi mwenye busara huuchimba na kuuondoa wote, mpaka afike kwenye murram au mwamba, ndipo aanze msingi.

Shimo la mbele lilionyesha msingi umekaa juu ya murram, na udongo wa pembeni ulikuwa na unyevu kidogo. Shimo la nyuma lilionyesha jambo lingine. Udongo ulikuwa mkavu kama biskuti. Mizizi minene ilipita kando ya msingi, na midogo, myembamba kama nywele, ilikuwa imejaa chini yake. Tulitazamia mhandisi aseme mizizi imeuvunja msingi. Hakusema hivyo. Alisema, "Mizizi haikuuvunja msingi wenu. Mara chache mizizi huvunja msingi ulio imara. Imeunywea udongo maji, udongo umenywea, na nyumba imefuata udongo."

Kisha akagonga jiwe kwa nyundo, akakwangua simiti katikati ya mawe. "Fundi aliyejenga hapa," akasema, "alijua kazi. Simiti ni nzuri. Lakini mbona upande huu hakufika kwenye murram?"

Wapenzi wasikilizaji, tulitazamana sisi kwa sisi, na hakuna aliyethubutu kujibu. Maana tulikumbuka. Upande ule udongo mweusi ulikwenda chini zaidi. Fundi alitaka kuendelea kuchimba siku nne zaidi. Sisi ndio tuliomwambia, "Acha hapo, fedha zimekwisha." Hata hivyo, mhandisi alisema, huenda nyumba ingalikaa miaka mingi bila shida kama unyevu wa udongo ungalibaki vile vile. Sisi tulipunguza msingi, kisha tukapanda hapo hapo mnywaji wa maji. Kosa la kwanza lilikuwa letu, na la pili letu, na lawama yote tukampa mtu mwingine.

Wala msidhani kwamba jambo hili ni la Mwiki peke yake. Mwaka 1976 Uingereza ilipata ukame mkali wakati wa kiangazi. London na sehemu nyingi za kusini mwa nchi ile zimejengwa juu ya udongo wa mfinyanzi, na nyumba nyingi zilipasuka, hasa zile zilizokuwa karibu na miti mikubwa. Udongo hautofautishi nchi maskini na nchi tajiri.

Kabla hatujaendelea, tuwape mashauri machache, maana pengine kuna msikilizaji ambaye leo ana mche mkononi.

Kwanza, usiutazame mche. Utazame mti utakaokuwa. Uliza utafika urefu gani. Kwenye udongo mweusi, kanuni ya kukumbuka ni hii: mti mkubwa usikae karibu na nyumba kuliko urefu wake utakapokomaa. Mkaratusi waweza kupita mita 30. Ploti ya futi 50 kwa 100 ni kama mita 15 kwa 30. Hesabu mwenyewe: mti huo hauna nafasi katika ploti kama hiyo, na ukiusogeza mpakani ili kuiokoa nyumba yako, umeupeleka kwenye msingi wa jirani.

Pili, karibu na nyumba panda kilicho kidogo: mpapai, mlimau, mpera unaopunguzwa matawi, au maua. Hata hivyo usivibanze ukutani. Pia angalia mabomba ya maji machafu. Bomba linalovuja huiita mizizi, nayo huingia kwenye viungo na kuliziba.

Tatu, kama una mti mkubwa karibu na nyumba, usiukate kwa hasira. Ikiwa mti ulikuwapo kabla ya nyumba, udongo uliokaushwa nao waweza kuvimba ukishakatwa, ukaiinua nyumba na kuipasua upya. Tafuta kwanza mtu anayejua.

Nne, ukiona ufa wa mshazari kwenye pembe za madirisha, au mlango unaokwama mvua ikija na kulegea jua likija, usipake rangi tu. Uliza kuna nini chini.

Sasa turudi kwenye habari yetu. Jioni ile, baada ya mhandisi kuondoka, hatukula. Tulifungua Injili ya Luka, sura ya 6, mahali ambapo Bwana Yesu anasimulia habari za watu wawili waliojenga. Sehemu hiyo tulikuwa tumeisoma mara nyingi, na kila mara tulijiona tu yule mwenye busara, kwa kuwa nyumba yetu ni ya mawe. Lakini Luka anataja jambo moja ambalo hatukulijali: kwamba yule wa kwanza alichimba, akaenda chini sana. Sifa yake ilikuwa katika kuchimba. Nasi kuchimba ndiko tulikokukataza.

Na kumbe tulikataa kuchimba mara mbili. Tulikataa kuuchimba udongo, na kwa miaka kumi na moja tulikataa kuichimba mioyo yetu. Kila ufa ulipotokea tulitafuta mtu wa kulaumu, kwa sababu kumlaumu mtu hakuhitaji jembe.

Tukasoma tena katika Mathayo, sura ya 5, pale tunapoamriwa kwamba mtu akileta sadaka yake na kukumbuka kuwa ndugu yake ana neno juu yake, aiache pale, aende kwanza kupatana naye. Sisi tulikuwa tumetoa sadaka kila Jumapili. Siku ile tuliona aibu.

Tuliulizauliza, tukaambiwa kwamba fundi anakaa Githurai. Tulikwenda Jumamosi asubuhi. Tulimkuta ameketi mlangoni, nywele zake zimekuwa nyeupe. Alitutambua mara moja, akasimama, akatuletea viti. Tulikuwa tumepanga maneno mengi, yote yakatupotea. Tukasema tu, "Mzee, tulikusingizia. Mifuko ya simiti tuliihesabu sisi wenyewe. Msingi tuliukatiza sisi. Miti tuliipanda sisi, nawe ulituonya."

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema neno moja lililotuchoma kuliko matusi. Akasema, "Mwaka ule mtoto wangu alikuwa ameitwa sekondari."

Hakuendelea, wala hatukuwa na la kujibu. Kazi ile ya kanisa ndiyo ingalilipa karo.

Msikilizaji, wako watu wanaofikiri kwamba ukisema "nisamehe" mambo yamekwisha. Hapana. Mkewe alitupa chai, lakini yeye mwenyewe siku ile hakusema ametusamehe. Alisema, "Nimewasikia." Turudi tu nyumbani, ndivyo tulivyofanya. Jumapili iliyofuata tulisimama mbele ya kanisa lote, kwa ruhusa ya mchungaji, tukaungama, maana tulimchafulia jina mbele ya watu, na haikufaa kulisafisha sirini.

Miti tuliikata mwezi wa Januari 2023, baada ya mhandisi kutuambia kwamba haina hatari, kwa kuwa nyumba ilikuwapo kabla yake. Lakini alituonya mambo mawili. La kwanza: "Msizibe ufa sasa. Udongo utakunywa maji tena polepole, na ukuta utasogea. Ngojeni misimu ya mvua ipite." La pili: "Angalieni visiki. Mkaratusi ukikatwa huchipua." Kweli, haukupita muda mrefu machipukizi yakatokea, laini na ya kupendeza, nasi ikatubidi kuyang'oa tena na tena. Mwandishi wa Waebrania, katika sura ya 12, aonya juu ya shina la uchungu linaloweza kuchipuka na kuwatia unajisi watu wengi. Sasa twalielewa onyo lile kwa mikono yetu. Kuna asubuhi ambazo hata baada ya kuungama tulijikuta tukisema, "Lakini naye angalisisitiza zaidi!" Hilo nalo ni chipukizi. Ling'oe likiwa bado laini.

Basi tukangoja. Tarehe 13 Novemba 2023 serikali ilitangaza sikukuu ya taifa ya kupanda miti. Kanisani kwetu tulipanda miche kwenye uwanja mpana, mbali na majengo. Tulipoinua macho tukamwona fundi wetu anakuja, jembe begani. Hakuna aliyemwita. Alipima hatua kutoka ukuta wa darasa, hatua nyingi sana, kisha akapiga jembe chini na kusema, "Hapa." Watu wakacheka, naye akacheka. Sisi hatukuweza kucheka, tulikuwa tunalia.

Mvua za mwisho wa mwaka ule zilikuwa nyingi, na zile za masika ya mwaka 2024 zikaleta mafuriko ambayo nyote mwayakumbuka. Udongo ukanywa. Ufa ukapungua, ukabaki upana wa kidole, kisha ukatulia. Mwezi wa Agosti mwaka ule fundi akaja na mwanawe. Wakachimba chini ya pembe ile kipande kwa kipande, mpaka kwenye murram, wakatia zege. Siku nne, kama alivyosema tangu mwanzo. Safari hii hatukumwambia aache. Ujira wake tulimlipa wote, na juu yake tukaweka kitu kwa ajili ya mwaka ule wa karo. Alikipokea. Hatujui kama kinatosha. Twafikiri hakitoshi.

Ndugu yetu, dada yetu, asubuhi hii labda kuna ufa nyumbani kwako, nasi hatusemi ufa wa mawe tu. Labda ni kati yako na mkeo, au mumeo, au mtoto aliyeacha kupiga simu. Umekwisha kuuziba mara nyingi kwa maneno mazuri, nao wafunguka pale pale. Tena unaye mtu wa kulaumu, na umemlaumu miaka mingi. Twakusihi, kabla ya kumwita tena umsimamishe mbele ya ukuta, chukua jembe, uchimbe kando ya msingi wako mwenyewe. Pengine utakuta mzizi wa kitu ulichokipanda wewe, tena kwa nia njema na kwa maombi. Na kama kuna mtu aliyekuonya zamani ukamcheka, yu wapi leo?

Tuombe. Ee Bwana, wewe waona yaliyo chini ya misingi yetu. Utupe moyo wa kuchimba, na ulimi wa kuungama. Uwarudishie jina lao wale tuliowachafulia. Utupe uvumilivu wa kungoja udongo utulie, wala tusipake rangi juu ya ufa. Amina.

Kwaherini, wapenzi wasikilizaji. Nanyi mtakaopanda mti juma hili, pandeni, tena kwa furaha. Lakini hesabuni hatua kwanza.